Sura ya Tano: Mapenzi katika Nchi ya Ukame

Katika mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, mume aliyefumaniwa akiishiwa hoja hubakiwa na moja: "Wanaume ndivyo tulivyoumbwa." Upande wa pili, ndugu wa mume hunong'ona kwamba mke naye alifuata mali tangu mwanzo, na kwamba wanawake nao ndivyo walivyo. Zamani kauli hizi ziliegemea mila. Siku hizi zinaegemea sayansi. Mtu amesikia redioni, au ametumiwa video kwenye simu, kwamba wataalamu wamethibitisha: dume limeumbwa kutawanya mbegu, jike limeumbwa kutafuta mlishaji. Basi, kesi imekwisha.

Kesi haijaisha. Sayansi ya mageuko, yaani elimu ya namna viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, ina mengi ya kweli ya kusema kuhusu tamaa, wivu na ndoa. Lakini wanaoitaja barazani huishia kwenye ukurasa wa kwanza. Ili kuzisoma kurasa zilizobaki hatuhitaji kwenda mbali. Nyanda za kati za Tanzania na majirani zake ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambako kauli hiyo inaweza kupimwa, na kwa kweli imepimwa.

Itazame ramani. Dodoma yenyewe ni nchi ya Wagogo, wakulima wa mtama na uwele ambao pia ni wafugaji. Ukishika barabara ya kaskazini unaingia Kondoa kwa Warangi. Ukielekea Singida, hadi Mkalama na bonde la Ziwa Eyasi, unawakuta Wahadzabe, watu wachache wanaozidi kidogo elfu moja, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa mshale, asali na mizizi. Jirani zao ni Wadatoga, wafugaji walioenea kuanzia Hanang hadi kingo za ziwa hilo. Na ukishuka kutoka uwanda huu kuelekea mashariki, milima ya Ukaguru inakupokea kwa watu ambao ukoo wao hufuata upande wa mama. Miili ni ile ile, mishipa ya fahamu ni ile ile, ila ndoa ni za namna tano. Kama ndoa ingekuwa imeandikwa mwilini, tofauti hizi zingetoka wapi?

Msomaji mwenye imani asihofu. Kuuliza mwili unafanyaje kazi hakujibu swali la nani aliyeutoa. Sura hii inashughulika na lile la kwanza tu.

Hesabu ya mama na baba

Mwaka 1871 Charles Darwin alichapisha kitabu kuhusu asili ya binadamu, na ndani yake akaeleza jambo lililomsumbua kwa miaka: mkia wa tausi dume. Mkia ule ni mzigo. Unamchosha mwenyewe na unamwonyesha kwa adui. Jibu la Darwin lilikuwa kwamba kiumbe hashindanii kuishi tu, hushindania pia kuchaguliwa na mwenzi. Tausi jike wakipenda mkia mrefu, mkia utarefuka hata kama unamgharimu dume.

Kwa nini mara nyingi jike ndiye anayechagua na dume ndiye anayejipamba? Mwaka 1948 Angus Bateman, Mwingereza aliyechunguza nzi wadogo wa matunda, alidai kwamba dume hupata watoto wengi zaidi kadiri anavyoongeza wenzi, ilhali jike haongezi chochote. Mwaka 1972 Mmarekani Robert Trivers aliieleza sababu kwa lugha ya gharama. Anayetoa zaidi kwa ajili ya mtoto huwa mwangalifu zaidi katika kuchagua. Anayetoa kidogo hushindana na wenzake ili achaguliwe. Kwa mamalia, mama hubeba mimba na kunyonyesha. Baba anaweza kumaliza sehemu yake kwa dakika chache akaondoka.

Hapa ndipo wazungumzaji wa barazani wanapofunga kitabu. Hawasomi kwamba majaribio ya Bateman yaliporudiwa na Patricia Gowaty na wenzake mwaka 2012, ilionekana njia aliyoitumia ilikuwa na kasoro kiasi kwamba hitimisho lake halikuweza kusimama juu yake. Wala hawasomi kwamba hoja ya Trivers ina sharti ndani yake: *anayetoa zaidi*. Haikusema baba siku zote atatoa kidogo. Ilisema tabia itafuata gharama. Gharama zikibadilika, tabia nayo itabadilika.

Tulipoachana na sokwe

Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, mwaka 1960, na tangu hapo tumejua mengi kuhusu maisha ya sokwe mtu, walio miongoni mwa ndugu zetu wa karibu zaidi kati ya wanyama wote. Sokwe mtu hawana ndoa. Jike akiwa kwenye joto hupandwa na madume kadhaa, na dume hamlishi mama wala mtoto. Jike hulea peke yake, na huchukua takribani miaka mitano au sita kabla ya kuzaa tena.

Kuna jambo moja kuhusu madume hao ambalo linaivuruga kabisa picha ya "dume la asili". Huko Kibale, Uganda, Martin Muller na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba sokwe dume hupendelea majike wenye umri mkubwa. Binti mbichi hawamgombanii sana. Wanamgombania mama aliyekwisha kuzaa na kulea. Kwa dume ambalo litakuwa na jike kwa siku chache tu hilo lina mantiki, kwa kuwa jike mzoefu ameshathibitisha kwamba anaweza kuzaa na kulea.

Basi tamaa ya mwanamume kwa ujana haikutoka kwa sokwe. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ilizaliwa pamoja na uhusiano wa kudumu. Anayetarajia kukaa na mwenzi miaka ishirini hutazama miaka ya uzazi iliyobaki mbele. Kwa maneno mengine, hata lile jicho la mwanamume linalolaumiwa ni dalili kwamba aliumbiwa kukaa.

Kilichowafanya wazee wetu wa kale wakae ni mtoto. Mtoto wa sokwe akiachishwa ziwa hujitafutia chakula mwenyewe. Mtoto wa binadamu huachishwa mapema zaidi, mama hushika mimba nyingine, na yule wa kwanza bado anahitaji kulishwa kwa miaka kumi na zaidi. Mkono mmoja haulei mwana. Wahenga waliposema hivyo walikuwa wameutaja msingi ambao mtaalamu Sarah Hrdy alikuja kuujengea hoja katika kitabu chake cha mwaka 2009: binadamu ni mnyama anayelea kwa ushirika. Katika hali hiyo, kivutio cha usiku mmoja hakitoshi. Linahitajika jambo la kuwafanya watu wawili wavumiliane hata baada ya joto la mwanzo kupoa. Wanasayansi wameziona homoni za oksitosini na vasopresini zikifanya kazi hiyo katika panya fulani wa nyika za Marekani wanaoishi wawili wawili, na homoni hizo hizo zimo ndani yetu. Mapenzi ni sehemu ya malezi.

Wahadzabe: asali, sauti na bibi

Mmarekani Frank Marlowe aliishi na Wahadzabe kwa vipindi vingi kuanzia miaka ya 1990, na mwaka 2010 akatoa kitabu kizima juu yao. Wahadzabe si masalia ya kale. Ni watu wa leo kama wewe na mimi. Ila maisha ya kuwinda na kuokota yanafanana, kuliko ya ofisini, na yale ambayo binadamu ameishi kwa sehemu kubwa ya historia yake. Kwao ndoa haina sherehe kubwa wala ng'ombe wa mahari. Mwanamume na mwanamke wakianza kulala kwenye moto mmoja, watu hujua wameoana. Mara nyingi hukaa karibu na mama wa mke. Mume akitoweka kwa muda mrefu, mke hujihesabu ameachika.

Marlowe aliwauliza wanataka nini kwa mwenzi, na majibu aliyoyachapisha mwaka 2004 yanawafaa wanaopenda kauli nyepesi. Ni kweli, wanaume walijali uwezo wa kuzaa kuliko wanawake walivyojali. Ni kweli, wanawake walitilia mkazo mume anayeleta chakula. Mkono mtupu haulambwi, hata porini. Lakini wanawake walitaja sura ya mwanamume karibu mara nyingi sawa na wanaume walivyotaja sura ya mwanamke. Wanaume nao walitaka mke mchapakazi. Wanawake walijali akili zaidi. Pande zote mbili ziliweka mbele tabia njema. Orodha hii haifanani na ile ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani ambayo vitabu vingi viliigeuza kuwa sheria ya dunia nzima.

Sauti inaeleza zaidi. Mwaka 2007 Coren Apicella, akiwa na Marlowe na David Feinberg, alionyesha kwamba wanaume wa Kihadzabe wenye sauti nzito walikuwa wamepata watoto wengi zaidi. Ushahidi wa dume la kifua, ungesema. Lakini mwaka 2009 Apicella na Feinberg waliwasikilizisha wanawake sauti za wanaume na kuwauliza wangependa kuolewa na yupi. Wasionyonyesha waliegemea sauti nzito. Wanaonyonyesha waliegemea sauti nyembamba. Mwanamke mwenye mtoto kifuani alivutiwa na sauti ambayo pengine inaahidi utulivu, sio ubabe. Kwa hiyo tamaa ya mwanamke haisimami mahali pamoja. Hubadilika kulingana na kazi iliyo mikononi mwake.

Na huyo mwenye sauti nzito huleta nini nyumbani? Hapa wataalamu walivutana. Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliona kwamba mwindaji wa wanyama wakubwa hurudi mikono mitupu siku nyingi sana, na siku anayofanikiwa nyama hugawiwa kambi nzima. Kwa hesabu hiyo, uwindaji unamletea sifa kuliko unavyomletea mwanawe chakula. Waliowalisha watoto kwa uhakika walikuwa bibi zao. Katika makala yao ya 1997, watatu hao walionyesha kwamba mama anapokuwa ananyonyesha mchanga, uzito wa watoto wake wakubwa hufuata juhudi ya bibi anayechimba mizizi. Kutokana na hilo wakajenga hoja kwamba mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu wajukuu wa bibi mwenye nguvu walipona.

Marlowe aliongeza sahihisho mwaka 2003. Akina baba si wa maonyesho tu. Mke anapokuwa na mtoto mchanga sana, na yeye mwenyewe hawezi kwenda mbali kutafuta chakula, mume huongeza anacholeta, na asali ni sehemu ya mchango huo. Yaani baba huziba pengo pale linapotokea. Na timu ya Piotr Sorokowski iliyopima mapenzi ya Wahadzabe, na kuchapisha matokeo mwaka 2017, ilikuta kwamba kwa wanaume na kwa wanawake, uaminifu wa kujifunga kwa mwenzi uliambatana na kuwa na watoto wengi zaidi. Labda kujifunga huleta watoto, labda watoto huwafunga wazazi. Vyovyote iwavyo, katika jamii hii mzazi mwenye watoto wengi hakuwa yule asiyeshikika.

Baba anayelala karibu na mtoto

Utafiti ninaoupenda kuliko yote uliofanyika katika eneo hili ni wa mwaka 2009, wa Martin Muller na wenzake, Marlowe akiwemo. Walichukua vipimo vya mate kwa wanaume wa Kihadzabe na wa Kidatoga ili kupima testosteroni, homoni inayohusishwa na ushindani na hamu ya kutafuta wenzi.

Majirani hawa wanatofautiana sana katika malezi. Baba wa Kihadzabe hulala pale pale walipo mke na watoto, humbeba mchanga, humtuliza, hucheza naye. Kwa Wadatoga malezi ya mchanga huhesabiwa kazi ya wanawake. Wanaume mara nyingi hula na kulala kando, na macho yao yapo kwenye ng'ombe na ulinzi wa mali. Matokeo? Kwa Wahadzabe, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga hapakuwa na tofauti. Kuwa baba kwa jina hakukuonekana mwilini. Kulea ndiko kulikoonekana.

Mtu anaweza kupinga: pengine wenye homoni ndogo ndio wanaopenda kulea. Ufilipino walilijibu hilo. Lee Gettler na wenzake waliwafuata wanaume 624 wa Cebu kuanzia 2005 hadi 2009. Waliokuwa na testosteroni ya juu mwanzoni ndio waliopata wenzi na watoto zaidi; na walipokuwa baba, homoni hiyo ilishuka sana, hasa kwa waliotumia saa nyingi kuwahudumia watoto wao.

Turudi sasa kwenye ile kauli ya barazani. "Ndivyo tulivyoumbwa" ina maana mwili ni amri. Vipimo vinasema mwili wa mwanamume una uwezo wa kwenda njia mbili, ya kutafuta na ya kulea, na unaulizia mazingira uende ipi. Swali hilo hujibiwa na mahali anapolala.

Ng'ombe anapoingia katika ndoa

Mbona basi kwa Wadatoga na Wagogo mambo ni tofauti na kwa Wahadzabe? Asali haiongezeki ikiwekwa, na swala hazai zizini. Ng'ombe huwekeka, huzaa, hurithishwa, na huweza kuibwa. Palipo na ng'ombe, mwanamume mmoja anaweza kuwa na mali mara ishirini ya jirani yake, jambo lisilowezekana kwa mwindaji. Na mali hiyo hugeuka mahari.

Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika juu ya ng'ombe na undugu wa Wagogo katika kitabu chake cha 1969, alieleza namna mahari inavyozifunga koo. Ugogo hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka kwa wastani, katika msimu mmoja, na isiyotabirika. Mwaka wa mvua mbaya, mwenye wakwe ana pa kukimbilia. Ng'ombe huwekeshwa kwa ndugu na marafiki wa vijiji mbalimbali ili ukame au ugonjwa usiwamalize wote mara moja. Ndoa huko si ya wawili. Ni sehemu ya bima ya njaa, na hilo lina uzito kwa watu ambao bado wanaisimulia Mtunya, njaa kuu iliyoanza 1917, baada ya majeshi ya vita vya kwanza vya dunia kuchukua mifugo, nafaka na wapagazi.

Kwamba ng'ombe ndiye aliyebadilisha familia, si dhana ya kubuni. Clare Holden na Ruth Mace walilinganisha jamii 68 za Waafrika wanaozungumza lugha za Kibantu, na mwaka 2003 wakaonyesha kwamba jamii zilizopata ng'ombe zilielekea kuacha ukoo wa upande wa mama. Mantiki yake ni ya mageuko kabisa. Mvulana akirithi ng'ombe ataoa mapema, pengine wake wawili, na wajukuu wataongezeka. Msichana akirithi ng'ombe, idadi ya watoto anaoweza kuwazaa haibadiliki sana. Mahali ambapo mbung'o anazuia ufugaji, faida hiyo ya kumpendelea mvulana hupotea. Wagogo wa uwandani hufuata ukoo wa baba. Shuka hadi Ukaguru na Uluguru, mashamba ya jembe yasiyo na mifugo mingi, na mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa.

Tukija kwenye wake wengi, hesabu ni ile ile. Miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya, Monique Borgerhoff Mulder alionyesha mwaka 1990 kwamba wanawake waliingia kwa wanaume ambao wangewapa ardhi zaidi, hata kama mwanamume huyo alikuwa na mke tayari. Kwetu, David Lawson na wenzake walichunguza vijiji 56 vya kaskazini mwa Tanzania, Warangi wakiwa miongoni mwa makabila yaliyohusika, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba vijiji vyenye uke-wenza mwingi vilikuwa na afya mbaya zaidi ya watoto, lakini chanzo kilikuwa ukame na umaskini wa maeneo hayo. Ndani ya kijiji kimoja, watoto wa nyumba za wake wengi hawakuwa na hali mbaya kuliko wa jirani, na mara nyingine walikuwa na nafuu, kwa kuwa waume wa namna hiyo walikuwa na mali zaidi.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Kilichopimwa ni chakula na urefu wa watoto. Hakikupimwa kilio cha mke mkubwa, wala wivu, wala haki ya kusikilizwa. Mageuko hayajali furaha ya mtu, yanahesabu wajukuu. Sisi tunayo mengine ya kuhesabu.

Mvua inapokataa

Kama mahari ni mali, basi binti anaweza kugeuzwa akiba, na akiba huvunjwa wakati wa shida. Lucia Corno, Nicole Hildebrandt na Alessandra Voena walilinganisha rekodi za mvua na umri wa kuolewa, wakachapisha mwaka 2020. Afrika kusini mwa Sahara, ambako mali hutoka kwa mume kwenda kwa wazazi wa binti, ukame huongeza uwezekano wa msichana kuolewa akiwa mdogo. India, ambako familia ya binti ndiyo inayotoa mali, ukame huupunguza. Jua ni lile lile, njaa ni ile ile, na matokeo yanapingana kwa sababu tu mali, iwe ng'ombe au fedha, inaelekea upande mwingine.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kumwoza binti wa miaka 15 ni "asili". Ni uchumi wa mwaka mbaya. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akitakiwa kufika 18. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Biolojia ilikuwa upande wa mahakama: mwili wa msichana wa umri huo bado unakua, na uzazi wa mapema ni hatari kwake na kwa mtoto.

Wanawake wa Mpimbwe

Bado kuna nusu ya kauli ya barazani ambayo hatujaigusa: kwamba kuwa na wenzi wengi humfaidisha mwanamume pekee. Magharibi mwa uwanda huu, katika Mkoa wa Katavi, wanaishi Wapimbwe, wakulima wasio na utajiri wa ng'ombe. Ndoa kwao huvunjika na kufungwa upya mara kwa mara. Borgerhoff Mulder, huyu huyu aliyewachunguza Wakipsigis, aliwahesabu wazee, wanaume kwa wanawake, ambao umri wao wa kuzaa ulikuwa umekwisha. Kwa nadharia ya Bateman, wanaume waliooa mara nyingi wangekuwa na watoto wengi, na wanawake wasingepata kitu. Alichokikuta na kukichapisha mwaka 2009 ni kinyume: waliofaidika zaidi na ndoa nyingi walikuwa wanawake. Kwa mwanamke wa Mpimbwe, kumwacha mume asiyefaa na kuolewa na mwingine kulikuwa njia ya kuwakuza watoto.

Sisemi kwamba kila mwanamke amwache mumewe. Ninasema kwamba "asili ya mwanamke" iliyotangazwa kwa kuwatazama nzi wa matunda haikuweza hata kufika Mpimbwe.

Jiji lenye mishahara

Dodoma ya leo inaandika sura mpya ya habari hii. Ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na mwaka 2018 ikawa jiji. Wamekuja watumishi kutoka kila mkoa, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kimeleta maelfu ya vijana wasiojuana kwa ukoo. Hapa mali si ng'ombe tena. Ni mshahara, na mshahara huingia kwenye akaunti ya mwanamke kama unavyoingia kwenye ya mwanamume.

Kwa nadharia ile ile ya gharama, tutarajie mabadiliko. Mwanamke mwenye kipato chake ana sababu ndogo ya kuvumilia kwa ajili ya chakula, na sababu kubwa ya kuuliza kuhusu tabia, akili na usaidizi wa malezi. Yaani anakaribia vile vigezo vya tabia na akili alivyovitaja mwanamke wa Kihadzabe. Mwanamume naye hawezi kutegemea zizi limsemee.

Lakini jiji limeleta pia umbali. Watumishi wengi walitangulia Dodoma wakaziacha familia Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa baba alikuwa sauti ya kwenye simu. Treni ya umeme ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Agosti 2024 imepunguza safari hiyo hadi saa chache, na pengine imeokoa ndoa ambazo hakuna takwimu itakayozihesabu. Anayeishi mbali na mtoto wake ajue kwamba pamoja na kuukosa muda wake, anaukosa ule ukaribu ambao mwili wake unausubiri ili ubadilike kuwa wa baba. Bibi naye amebaki kijijini, na nafasi yake inashikwa na dada wa kazi ambaye mara nyingi ni binti wa watu aliyestahili kuwa darasani.

Hukumu ya sura hii, basi, ni fupi. Ni kweli tumeumbwa na tamaa, na ni kweli tamaa za wanaume na za wanawake hazilingani kila mahali. Lakini katika tafiti tulizozipitia, mwili na ndoa vilifuata maisha: mali ilipoongezeka wake waliongezeka, mvua ilipokataa mabinti walitolewa, na baba alipomshika mtoto damu yake ilitulia. Wewe unayesuluhisha ndoa za watu, kama mzee wa baraza, mchungaji, shehe au shangazi, ukisikia tena "ndivyo tulivyoumbwa", usiinamishe kichwa. Muulize mwenye kauli analala wapi, watoto wake anawashika lini, na mali ya nyumba iko mikononi mwa nani. Hayo matatu yanabadilika, na kuyabadilisha ni wajibu wake.